Madirisha ya Mke Mwenzangu

Mume wangu alipooa mke wa pili, sikulia mbele za watu. Alikuwa mfanyabiashara wa viazi, akivishusha kwa lori kutoka Bugeshi na kuviuza mjini Gisenyi, na sisi Waislamu tulijua kwamba mwenye uwezo huweza kuoa tena. Kilichoniuma ni nyumba aliyomjengea huko Mbugangari. Watu walirudi wakisema ina vioo kila upande, jua likipiga inawaka kama ziwa. Yangu ilikuwa na madirisha ya mbao. Ukiyafungua, baridi inaingia. Ukiyafunga, unakaa gizani mchana kweupe.

Nilivumilia mpaka Idi, nikavaa kitenge changu kizuri nikaenda kumsalimia. Alikuwa msichana tu, rika la mdogo wangu wa mwisho.

"Karibu, bi mkubwa," alisema. "Pita ndani, hapa ni kwako."

Nikaketi, macho yangu madirishani. Alipoona hivyo akaanza kunionyesha, bila ubaya wowote, kama mtoto mwenye nguo mpya. Yale maneno yake ndiyo yaliyonichoma. Mimi nilijua neno moja tu: dirisha.

"Hii mbao inazunguka kioo inaitwa shasi. Hizi chuma za kufungulia ni bawaba. Na hii nyeupe pembeni ni mastiki. Fundi anaipaka ikiwa laini, halafu inakauka, inashika kioo isianguke."

"Na kile cha nyuma? Mbona hakionyeshi kitu?"

"Ile iko kwa bafu, bi mkubwa. Ni kioo ya ukungu. Mwanga inapita, macho haipiti."

"Nani amekufundisha yote haya?"

Akainamisha uso, akicheka. "Bwana. Wakati fundi walikuwa wanajenga, tulikuwa tunakuja pamoja kuangalia."

Pamoja! Mimi nyumba yangu niliikuta imekwisha kujengwa na baba mkwe. Hakuna aliyeniuliza nataka dirisha litazame wapi.

Mume wangu aliporudi kwangu nilimpakulia chakula, nikamwambia: "Nataka shasi chumba cha mbele, yenye mabawa mawili ya kufunguka. Vioo safi, si vya ukungu. Na mastiki apake fundi yule yule."

Mkono wake ukasimama kwenye sahani. "We! Maneno hiyo umetoa wapi?"

"Kwa mke wako."

Fundi alikuja kabla ya mvua kuanza. Nilikisugua kioo kwa upindo wa kitenge mpaka kikalia. Majirani walikuja kuona, nami nikawatajia kila kitu kwa jina lake, nikijisikia malkia.

Kisha ikafika zamu ya mwenzangu. Zamani mlango ukifungwa nilisikia viatu vya mume wangu tu, basi. Sasa nilimwona. Alisimama barabarani, akakung'uta vumbi la viazi mabegani, akaweka kofia yake sawa, akaondoka akitembea upesi kama kijana. Hakugeuka hata mara moja. Nilimtazama mpaka akakata kona.

Kesho yake nilinunua kitambaa kizito, nikampelekea fundi cherehani anishonee pazia.

Akashangaa. "Mama, kioo umeweka juzi tu, na leo unaifunika?"

"Si kila siku," nikamjibu.