Macho Yaliyopewa Zamu

Vijana wangu, wa nyumba hii na wa nyumba za jirani, nyinyi mnaojua kusoma haraka, hili lisomeni polepole. Mimi sikusoma sana. Skuli nilitolewa darasa la nne. Haya nasema mimi na anaandika mjukuu wangu Nasra, na akitaka kulipamba neno namkataza.

Nasra mwenyewe ndiye aliyenitia katika khabari hii. Anasoma mambo ya kilimo chuo kikuu. Mwaka jana aligawa mbolea za aina mbili kwa wenye mashamba ya mitende kule Barka, safu moja hii, safu moja ile, apate kujua ipi bora. Ijumaa iliyopita kaja kwangu kanyong'onyea.

"Bibi, zimetoka sawa. Hakuna tofauti hata kidogo."

"Na wenye mashamba? Walizitia ulivyowaambia?"

"Wote wamesema naam."

"Wote?"

"Wote, Bibi. Na tende wamenipa."

Nikakiweka kikombe cha kahawa chini kabla hakijaniponyoka. Nasra akadhani sukari imeniteremka. Haikuwa sukari. Ni lile neno "wote". Nililisikia Matrah, mji wetu wa bandari, nikiwa bibi harusi, na mpaka leo sijalisahau.

Ilikuwa kabla ya mwaka wa sabini. Hapo zinapofunga meli za watalii leo palikuwa pwani ya mchanga na mizigo inashushwa kwa mabega. Nilikuwa nimetoka Unguja baada ya mambo kuharibika kule, nimevuka bahari kuja nchi hii ya Waarabu, nimeolewa katika nyumba ya watu waliotoka Unguja kabla yetu, na kwa hivyo mle ndani kilikuwa Kiswahili kitupu. Baba mkwe alikuwa na wake wawili. Mkubwa ni Bi Salma, mama wa mume wangu. Mdogo ni Bi Rayya, na mtoto wake wa mwisho ni Thuraya, kigoli ambaye hajaanza hata kufunga Ramadhani.

Lazima mumjue Bi Salma, maana bila yeye hamtafahamu kitu. Mama yule alikuwa na sharia moja: haki sawa. Alikaa uke wenza miaka mingi na hakuna aliyepata kusema kuwa kampunja mwenziwe. Samaki alipasuliwa kwa urefu, kila upande kichwa nusu. Zamu za mume hazikusogea hata kwa homa. Doti ya kanga ikiletwa, hukatwa kwa mkasi, huyu kipande na huyu kipande. Basi mnawaona wote wawili wanapita uani, mmoja kajifunga hana cha kujitanda, mwengine kajitanda kajifunga kanga iliyochakaa. Mimi mgeni nikicheka kichinichini. Lakini mtaa mzima ukigombana, wanawake walikuja kwa Bi Salma awagawanyie, na akishagawa hapana aliyenung'unika.

Siku zile ugonjwa wa vikope ulikuwa kila nyumba. Watoto wanaamka macho yameganda matongo, mama anayalainisha kwa maji ya uvuguvugu ndiyo yafunguke. Wakubwa wao, kope zimegeukia ndani zinakwaruza mboni mpaka inapata ukungu. Bi Salma mwenyewe kila asubuhi alikaa dirishani na kikoleo kidogo, anajing'oa kope. Na wako waliokuwa wanashikwa mkono kwenda chooni, si wazee wale, wanawake wa makamo.

Akaja daktari mwanamke, Muhindi mzaliwa wa Mombasa. Kwa kuwa anajua Kiswahili ndiyo akaletwa mtaani kwetu. Akawakusanya mama na watoto uani kwa Bi Salma, akatoa tyubu za marhamu mbili mbili. Moja kaifunga uzi mwekundu, moja uzi wa kijani.

"Nyekundu ni dawa mpya," akasema. "Kijani ni ya zamani. Nyekundu mwatia jicho la kulia peke yake. Kijani jicho la kushoto peke yake. Msichanganye hata siku moja. Nataka nijue ipi yashinda."

Bi Salma akauliza, "Na jicho litakaloshindwa?"

"Nitalitibu mwenyewe nikirudi, Bi Salma. Wallahi sitaliwacha."

"Mtoto mmoja, uso mmoja, jicho hili unalipa kipya na hili unalipa kikuukuu?"

"Ndiyo njia ya kujua. Macho ya mtoto mmoja yala pamoja, yalala pamoja, yapigwa vumbi moja. Yakitofautiana, ni dawa iliyotofautisha."

Bi Salma akaitika naam kwa heshima zote. Daktari akanywa kahawa, akaenda zake. Hajafika hata mwisho wa kichochoro, wanawake wameshaanza.

"Masikini jicho la kushoto! Limekuwa mke mkubwa."

"Mke mkubwa ana nini?" Bi Salma akamgeukia.

"Ah, Bi Salma, nimekosa. Limekuwa mke mdogo."

"Mimi usinitie!" Bi Rayya akaruka, na uani kote kicheko.

Bi Salma hakucheka. Kampakata Thuraya, anamtazama yale macho mekundu yanayotiririka. Khalafu akatoa hukumu, kama alivyohukumu siku zote. "Hii ni dhulma, na katika nyumba yangu haifanyiki. Yapeni zamu. Leo nyekundu kulia na kijani kushoto. Kesho nyekundu kushoto na kijani kulia. Kila jicho lipate siku yake."

Wanawake wakashusha pumzi, kama mzigo umewatoka mgongoni. Kila mmoja akaenda kwake kutia dawa kwa zamu. Mimi nilimwona ni mama mwenye akili kuliko daktari. Niliona fakhari kuwa mkwe wake.

Mwezi ukapita, daktari akarudi. Tukakaa uani vilevile. Anamchukua mtoto, anamgeuza ukope juu ya kijiti, anatazama, anageuza wa pili. Kila akitazama anazidi kushangaa. Macho yote yalikuwa yamepata nafuu kidogo, si kupona. Na ya kulia na ya kushoto yalifanana kama yai na yai.

"Mmetia nilivyosema?" akamuuliza wa kwanza.

"Naam, daktari, vilevile."

Wa pili, naam. Wa tatu, naam na dua juu yake. Likazunguka uani kote lile neno, kila mama anainamisha kichwa kidogo na kutabasamu, maana huyu ni mgeni, kajitaabisha juani kwa ajili ya watoto wetu, nani atamvunja moyo? Bi Salma alikuwa wa mwisho, na yeye akasema naam.

Daktari akapiga makofi ya furaha. "Wote! Mashaallah, mtaa wa kutii namna hii sijauona. Basi jawabu tumelipata. Dawa mpya haina zaidi ya ile ya zamani. Nitapeleka khabari kuwa hatuna haja nayo, waendelee kuleta ile ile ya kijani, huku na pwani yote ya Batina."

Akaanza kutia vitu vyake mkobani.

Mwanangu, sijui nikwambieje. Umepata kuona mtu anakwenda kinyumenyume kuelekea kisimani, na wewe sauti haikutoki? Ndivyo tulivyokuwa. Sisi sote tunajua zile tyubu zilivyotumika. Sisi sote tunajua kuwa alichokiona machoni si jawabu la kitu chochote. Na yule binti wa watu anafunga mkoba, anakwenda kuyapeleka maneno yetu ya adabu yakawe amri juu ya macho ya watoto tusiowajua, huko Sohari, huko Suweiq. Nilimtazama Bi Salma. Sikupata kumwona mama yule akiogopa, si kwa maradhi wala kwa mume. Siku ile aliogopa.

Akainuka, akasimama mlangoni akauziba.

"Daktari, kaa chini."

"Nimechelewa, Bi Salma, nakwenda nyumba nyengine."

"Nimekwambia kaa. Nimekuharibia kazi yako."

"Bi Salma!" jirani mmoja akamvuta nguo. "Usitutie aibu mbele ya mgeni."

"Aibu ndiyo hiyo inayotoka mlangoni sasa hivi na mkoba mkononi," akasema. Akaeleza yote: jicho la kulia, jicho la kushoto, zamu, na kuwa hukumu ni yake na si ya mtu mwengine.

Daktari alikaa juu ya kigoda. Mkoba ukamwangukia, tyubu zikatawanyika na hakuna aliyeziokota. Tulingoja atutukane, na angetutukana ningeshukuru.

"Nimewauliza," akasema polepole. "Mmoja mmoja nimewauliza."

"Umetuuliza kwa adabu, mwanangu. Nasi tumekujibu kwa adabu."

"Adabu hiyo, mama, ingepofua watoto."

Kwa mwanamke mdogo kumwambia Bi Salma vile, mbele ya mtaa, nilidhani mbingu itashuka. Bi Salma akainamisha kichwa akasema, "Kweli."

Kulikuwa hakuna njia ila kuanza upya. Hapo Bi Rayya akamkumbata mtoto wake. "Mimi sitaki! Mwanzo mlifanya haki, leo mnataka kumdhulumu. Na kama ile ya kijani haifai kitu? Jicho la mwanangu liachwe liharibike ili nyinyi mjue?"

Na alikuwa na haki ya kusema, msimdharau. Bi Salma hakumwamrisha. Hapa ndipo nilipojua kuwa mama mkwe wangu ni mtu mkubwa. Alikaa mbele ya daktari akainua uso. "Anza na yangu. Kulia nyekundu, kushoto kijani. Rayya atanitia kwa mkono wake, na atanitazama. Akiona kushoto kunaharibika, mtoto wake asiguswe."

Bi Rayya akalia, khalafu akakubali, kwa sharti daktari aje kila Alkhamisi, na siku atakapoona tofauti wasingoje siku ya pili yake. Wakaahidiana.

Safari hii ilitiwa kama ilivyosemwa. Haikuchukua muda, macho ya kulia yakaanza kutakata, na ya kushoto yamebaki vilevile, mekundu, yanawasha. Thuraya alikuwa akililia lile la kushoto, analisugua kwa ngumi, anamwita Bi Salma, "Mama mkubwa, hili! Na hili nalo!" Alasiri moja nikamkuta Bi Salma yuko peke yake na mtoto, tyubu nyekundu iko wazi mkononi, ncha yake imekaribia jicho la kushoto. Aliponiona, akaifunga, akanipa.

"Chukua ukaiweke kwako. Mimi siaminiki."

Mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwamini kugawa urithi wa maiti! Niliificha ndani ya sanduku langu la harusi, na dawa ya mtoto nikimtia mimi.

Alkhamisi iliyofuata daktari aligeuza kope, akatazama mara moja tu. "Basi," akasema. "Yatosha. Nyekundu macho yote mawili, kwa kila mtu, kuanzia sasa." Dawa mpya ndiyo iliyoombwa, na dawa mpya ndiyo iliyokuja. Watoto wengi wa umri wa Thuraya, sasa wana wajukuu, wanapitisha uzi kwenye tundu la sindano. Thuraya mnamjua, yuko Qurum, anaendesha gari yake mwenyewe. Jicho lake la kushoto lina ukungu mdogo pembeni. Daktari alisema huenda ni wa ule mwezi wetu wa zamu, huenda ni wa baadaye, huenda ulikuwepo tangu mwanzo. Hakuna ajuaye, na Bi Salma alikufa hajui. Kila Thuraya akimbusu mkono, alimtazama jicho lile kwanza.

Nasihi yangu basi, na sina nyengine. Mtu akija kukuuliza umefanya nini, awe daktari, mwalimu au huyu Nasra na mbolea zake, mwambie ulichofanya, si alichokwambia ufanye. Ukiwa hukufanya, sema sikufanya. Ukiwa umechanganya, sema nimechanganya. Usimpe jawabu la kumfurahisha kama unavyompa mgeni halua, maana halua ataila yeye na jawabu watalila wengine. Na nyinyi mnaouliza, mkisikia "wote naam", msifurahi. Kaeni tena chini, mnywe kahawa ya pili, muulize kwa namna ambayo mtu anaweza kukwambieni hapana bila ya kuona haya. Nasra kaambiwa arudi Barka, na safari hii azungumze na wanaoshika ndoo za mbolea, sio wanaopokea wageni.

Mwenyezi Mungu akupeni macho ya kuona na ndimi zisizokhofu kusema mlichokiona. Akulindieni watoto wenu, na akurehemuni mtakapokosea kwa kutaka haki, kama nnavyomwomba amrehemu Bi Salma.

Na kwa hapa nyumbani kwangu amri ni hii, na msichana wa jikoni keshaambiwa: vidonge vyangu vya sukari nisivyovimeza visitupwe. Vitiwe ndani ya kikombe cha buluu, kikombe kiwekwe juu ya sinia ya kahawa, na daktari wangu akija, aletewe sinia kwanza kabla hajaniuliza hali yangu nami nikamjibu naam.