Kidonge cha Asubuhi

Dada yangu mkubwa alikuja kwangu Homa Bay akiwa mjane, miaka michache baada ya uhuru. Mumewe alikuwa mchimbaji katika migodi ya Macalder. Alipofariki, dada alianza kupika na kuuza chang'aa, pombe kali ya kienyeji, ili watoto wapate kula. Mwanzoni alikuwa akionja tu kujua kama imeiva. Alipofika kwangu hakuweza kushika kikombe cha chai bila kukimwaga, na watoto walikuwa wamechukuliwa na mama mkwe wake.

Nilimpeleka zahanati ya misheni nikitumaini watamlaza. Muuguzi wa pale, mtawa mgeni aliyejifunza Kiswahili ukubwani, alimlaza mpaka mtetemeko ulipotulia, kisha akamtoa.

"Nikimweka humu atapona humu," aliniambia. "Akitoka je? Awe anakuja kila asubuhi, anywe dawa mbele yangu, tuongee, arudi nyumbani."

Dada akaniuliza kwa Kijaluo, "Huyu ananitibu au ananifukuza?"

Dawa ilikuwa kidonge cheupe. Ukikimeza kisha ukanywa pombe, unatapika mpaka unadhani utakufa. Sista alihakikisha ameelewa hilo kabla ya kumpa. Baadaye walikaa kwenye benchi nyuma ya zahanati, nami kando yao, kwa kuwa Sista alitaka mtu wa nyumbani asikie. Hapo ndipo nilipojua kwamba dada ndiye aliyeuosha mwili wa mumewe, peke yake. Kwa Kijaluo hakuwahi kuligusa jambo hilo. Kwa Kiswahili, lugha tuliyoitumia sokoni na kwa wageni, alilisema huku akitazama mikono yake.

Jioni ndiyo iliyokuwa ngumu. Jirani yetu aliuza pombe ya busaa, na vicheko vya wateja vilivuka ua.

"Wanacheka nini hao?" dada aliuliza.

"Hata wenyewe hawajui."

Akatabasamu, lakini aliendelea kusikiliza.

Mama mkwe wake alipokufa, dada alikwenda Macalder mazishini. Huko hakuwa na kidonge, akanywa. Walimrudisha kwangu amelegea kama kitambaa kilicholowa. Nilimpeleka zahanati nikidhani Sista atamfukuza. Alimpangusa uso tu, akasema, "Umerudi. Keti."

Baada ya hapo alikaa miezi mingi bila kuonja. Alinenepa kidogo. Binti yake mdogo alikuja kutembea, akalala akimshika mama yake nguo.

Kisha Sista akahamishwa. Muuguzi aliyemfuata alitusikiliza akiwa amesimama.

"Hapa tunatibu wagonjwa," alisema. "Ulevi ni dhambi. Nendeni kwa padri."

Vidonge alivyotuachia Sista vilipokwisha, nilijaribu mwenyewe. Kila asubuhi nilimkalisha jikoni, nikamuuliza yale Sista aliyokuwa akiuliza: umelalaje, jana ulitamani saa ngapi, nani alikuwa karibu. Alinijibu kwa muda. Siku moja akaweka kikombe chini.

"Nyamera," aliniita, yaani dada yangu, "yule alikuwa mgeni. Wewe utaniangalia kwa macho hayo mpaka nife. Siwezi kukuambia wewe."

Mwezi huo alirudi Macalder, na wakati wa mvua za masika zilizofuata tulimzika huko, tumbo limejaa maji, macho ya manjano.

Miaka mingi baada ya mazishi, binti yake yule mdogo aliniuliza kama mama yake aliwahi kuwa mzima. Nikamwambia ndiyo, na wewe ulikuwepo. Akatikisa kichwa. Alikuwa mdogo mno, hakumbuki.