Mahindi ya Njano Yaliyomsubiri Mama Mkwe

Mwaka wa pili wa ndoa yangu nilipania kumwonyesha mama mkwe kwamba najua kulima. Mimi nilikuwa karani mjini, mzaliwa wa Mara, wa ukoo wa wavuvi. Yeye alikuwa Msukuma wa Kisesa, mwenye mashamba ya pamba, mtama na mahindi, na jembe lisilopata nafasi ya kushika kutu. Siku ya harusi aliniangalia kuanzia kichwani hadi kwenye viatu, akauliza mbele ya mashangazi wote, "Na huyu, palizi anaijua?" Alijibiwa kwa kicheko. Nami nilicheka, lakini swali lile lilinikaa rohoni.

Tulipanga nyumba Ilemela, juu kwenye mawe. Bustani yangu ilikuwa kiraka kati ya majabali mawili, na nusu ya udongo wake niliupandisha mwenyewe kwa karai. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, na maduka ya mjini yalijaa vitu ambavyo zamani tulivisikia tu kwa waliosafiri. Katika duka moja niliona pakiti ya mbegu yenye picha ya hindi la njano linalong'aa. Muuzaji akaniambia haya ni mahindi matamu, hayasagwi, huchemshwa yangali mabichi, na wageni waliokuja na viwanda vya samaki wanayagombania. Nikanunua palepale.

"Ya njano?" mume wangu aliuliza, utadhani nimeingiza nyoka ndani. Nilimwelewa. Wote wawili tulikulia unga wa njano wa msaada, miaka ya njaa na foleni, na hakuna aliyeukumbuka kwa mapenzi. Nilimwambia akae kimya, mwenye shamba ni mimi.

Nilipanda mvua za vuli zilipoanza. Pimbi wakashuka kutoka kwenye mawe wakala mstari mzima wa miche. Niliwatukana kwa Kijita, lugha ya kwetu, na kwa Kiswahili, nikapanda tena mstari ule, na baada ya hapo nikawa nawahi kila asubuhi kuwatupia vijiwe kabla ya kwenda kazini, nimevaa sketi ya ofisi na kandambili. Majirani walinicheka sana. Mahindi yakakua, yakatoa ndevu, yakanenepa. Jamani, nilijisikia!

Siku nilipotaka kuvuna la kwanza, mume wangu akanishika mkono. Kwao, alisema, mazao mapya hayaguswi mpaka mama ayaonje. Ukiyala kabla yake umemdharau. Basi tukapeleka ujumbe Kisesa kwa mtu wa basi, mama aje aonje. Jibu likarudi kwamba atakuja Jumamosi. Jumamosi hiyo ukatokea msiba kijijini. Jumamosi iliyofuata ng'ombe wake alikuwa anazaa. Mimi nasubiri, mahindi hayasubiri. Kila jioni nilibonyeza punje kwa ukucha: kwanza zilirusha maziwa, halafu uji, halafu hazikurusha kitu. Mabua yakakauka. Nilipomenya hindi moja nikakuta punje zimenywea na kukunjamana hata nikataka kulia. Mahindi yetu ya kawaida yakikauka hujaa na kung'aa. Haya yalikuwa kama yameugua. Niliazimia kuyang'oa yote Jumapili, niseme pimbi wamemaliza.

Mama akafika Jumamosi, bila taarifa.

Nilipiga magoti mlangoni. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hayo mahindi yako wapi?"

Hakukubali hata maji. Alipita moja kwa moja hadi bustanini, akavunja hindi kavu, akalimenya, akalitazama muda mrefu.

"Mbona mmeyaacha mpaka yakawa hivi?"

"Tulikuwa tunakusubiri uonje kwanza, mama. Mwanao ameniambia ndiyo mila yenu."

Akamgeukia mwanawe. "Mila ya mahindi?"

"Si ulikuwa unatukataza tulipokuwa wadogo?" mume wangu akajitetea.

"Nilikukataza mtama! Mahindi mabichi ulikuwa unayaiba shambani nami nakuona!" Hapo akaanza kucheka, akakaa kwenye jiwe, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Nilikupeleka shule mapema mno wewe. Mtoto wa mkulima hajui mtama na mahindi!" Siwezi kuficha, nilifurahi. Mwaka mzima nilikuwa naogopa kuonekana sijui shamba, kumbe asiyejua alikuwa mtoto wake.

Nikakumbuka mstari niliourudia baada ya pimbi. Ulichelewa, na mabua yake yalikuwa bado mabichi. Nikamvunjia hindi moja nikataka kukimbilia jikoni kulichemsha, lakini yeye alishalimenya akaling'ata hivyohivyo, bichi. Akatafuna polepole. Aliacha kucheka.

"Hii ndiyo njano ileile iliyotutesa?"

"Si ile, mama."

Alikula hindi lote, akachukua la pili, akampa mwanawe nusu, kwa kumhurumia nadhani. Kisha akarudi kwenye mabua makavu na kuanza kuvuna yale mahindi yaliyokunjamana, anachagua makubwa, anayafunga kwenye kanga.

"Mama, hayo yameharibika."

"Nani kakwambia? Hii ni mbegu." Akafunga fundo, akanisogelea. Yeye aliyelima tangu kabla sijazaliwa alichuchumaa kwenye kiraka changu, akafukua udongo kidogo, akaniuliza kwa sauti ya chini, mwanawe asisikie, "Ulifukia kina gani?"

Nikachuchumaa pembeni yake. Nikakichomeka kidole changu ardhini hadi kwenye kiungo cha pili, naye akachomeka chake kando ya changu, akipima.