Mchoro wa Tano

Baba alichora boti za kasi kwa miaka mingi katika karakana moja kando ya ziwa. Alipostaafu alirudi Lumakanda kulima mahindi, akaja na michoro yake ndani ya paipu ya plastiki. Mimi nilikuwa nafanya kazi katika jumba dogo la makumbusho mjini Kakamega. Nilipomwomba michoro tuionyeshe, alinipa minne. Wa tano aliurudisha ndani ya paipu.

"Huo una kosa," alisema. "Nyuma niliichora chini mno. Ukiweka injini nzito na watu wakijaa, maji yanaingia. Hatukuiunda hiyo boti."

Niliuchukua siku aliyokuwa shambani. Ndio uliokuwa mzuri kuliko yote, mistari myembamba ya wino, kila kipimo mahali pake. Nilijiambia kwamba kitu kilicho nyuma ya kioo hakiwezi kumdhuru mtu. Sikuandika popote kuwa una kosa.

Wiki ya tatu ya maonyesho askari wa mlangoni aliniita. "Madam, kuna jamaa anakujanga hapa karibu kila siku. Anasimama tu kwa ile picha ya tano. Leo amekuja na rula."

Nilimkuta akifunga daftari lake la hesabu, mwanamume wa makamo, mikono imekauka kwa gundi. Aliniambia yeye ni fundi wa boti ufukweni mwa ziwa.

"Kazi safi sana hii. Nani alichora?"

"Baba yangu."

"Mwambie asante."

Nilipaswa kusema hapo hapo. Lakini bosi wangu alikuwa amesimama karibu, nami niliona aibu kukiri kuwa nimetundika kitu nilichokatazwa. Nikatabasamu. Yule fundi hakurudi tena.

Miezi ikapita, kisha nikaona video kwenye simu: boti nyeupe ikikata maji, abiria wakishangilia, na nyuma yake imekaribia kuwa sawa na maji. Niliipeleka Lumakanda siku hiyo hiyo. Baba aliitazama mara mbili.

"Uliutoa ule wa tano?"

"Ndio, baba."

Hakunigombeza. Hapo ndipo nilipoogopa hasa. Alinawa mikono tu, akasema, "Twende."

Tuliuliza ufuo hadi ufuo mpaka tukampata fundi chini ya banda la mabati, akilainisha boti nyingine ya aina ile. Baba alimchorea mchangani kwa kidole, akamwonyesha maji yatakapopitia. Fundi alisikiliza, kisha akaweka msasa chini.

"Umeunda ngapi?" baba akamuuliza.

"Tatu, mzee. Hii hapa. Ile ya video nawapigia sasa hivi wairudishe. Nyingine, nyeupe vilevile, ilichukuliwa na watu waliokuja na lori. Sikuwauliza wanaipeleka maji gani."

Ile ya video ilirudishwa, ikaongezwa kimo nyuma. Ya lori hatujaipata hadi leo, na namba waliyomwachia fundi haipatikani. Mchoro niliutoa ukutani.

Siku hizi redio ikitaja ajali ya majini, popote pale, baba hunipigia simu kabla habari haijaisha.

"Wamesema ilikuwa rangi gani?" ananiuliza.