Sasa Naitwa Mama Kevin

Mume wangu Wekoye hakulia alipotahiriwa. Ndugu zake watakuambia hivyo kabla hata hujakaribishwa chai, ati walimkodolea macho na kope haikucheza. Ana miaka hamsini na sita na bado wanalisimulia.

Binti yetu wa kwanza, Emmy, alifariki miaka minne iliyopita kwa homa ya uti wa mgongo, akiwa mwaka wa pili chuoni Kitale. Siku ya mazishi hapa Naitiri nililia mpaka sauti ikakauka. Wekoye alikuwa akipanga viti. Alizunguka na watu wa hema, akauliza kama nyama imetosha. Ndugu zake wakanong'ona kwamba huyo ndiye mwanaume. Nilitamani kuwarushia sufuria.

Kesho yake akaniambia, "Mama Kevin, anua mahindi, mvua inakuja."

Kevin ni mdogo wake Emmy. Miaka ishirini nilikuwa Mama Emmy, na mtoto hajamaliza siku mbili kaburini. Nilidhani ulimi umeteleza. Wapi! Jina la Emmy halikutoka tena kinywani mwake.

Akarudi Kitale kwenye kazi yake ya kutengeneza matrekta. Usingizi ukampotea, kichwa kikawa kinamgonga kila siku, akawa anagombana hata na kuku. Nilimvuta mpaka zahanati. Nesi, Chelagat, alipompima presha alishtuka, akapima tena.

"Mzee, kuna kitu kinakusumbua moyoni?"

"Hakuna. Niko sawa."

"Tulizika mtoto," nikasema mimi.

Alinikata jicho. Njiani akanilaumu kwamba nimemwaibisha mbele ya msichana wa watu. Dawa alimeza wiki mbili, akaacha, eti zinamfanya mnyonge.

Mwaka jana alianguka gereji, spana mkononi. Kiharusi. Mkono wa kulia ukafa, mdomo ukaenda upande, na maneno yakabaki machache. Halafu machozi yakaanza. Analia akiona ugali. Analia mbwa akibweka, redio ikisoma habari, jirani akimsalimia. Ndugu zake wakija siku hizi hawakai, wanaangalia saa.

Mimi nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilisema hatimaye anamlilia mtoto wetu, tutalia pamoja. Daktari wa Bungoma akanikalisha chini.

"Mama, usiyategemee hayo machozi. Kiharusi kimegusa pale ubongo unapozuia kilio. Anaweza kulia bila kuhuzunika."

Nikamuuliza kama ni huzuni ya Emmy iliyomwangusha. Akasema ni presha, na dawa alizoacha, ila moyo uliofungiwa kitu kwa miaka haukumsaidia pia. Kupima ni kiasi gani, hakuna mashine.

Basi nina hasira naye, nasema wazi. Namwogesha, namlisha, namfuta uso, na hasira haiishi.

Jumapili nilimletea picha ya Emmy. Nikaiweka kwenye paja lake, nikapiga magoti.

"Baba Emmy, niite. Niite vile ulikuwa unaniita."

Aliitazama. Machozi yakamtiririka mpaka kidevuni, mabega yakatetemeka. Nikangoja. Alifungua ule mdomo wake uliopinda, akahangaika, neno likatoka polepole.

"Mama Kevin," akasema, "chai imepoa."

Nikaenda kuipasha moto.