Kibodi Iliyonuka Ndagala

Kibodi ya kaka yangu ilinuka kabla haijafika mezani. Ilikuwa imekaa miaka katika depo yake ya Rumonge, anakouza ndagala, wale dagaa wakavu wa ziwani, na mafuta ya mawese, na vyote viwili vilikuwa vimeingia ndani yake. Kati ya vitufe yaling'aa magamba. Nilipoigeuza ilidondosha mguu wa mende.

"Mwalimu anaogopa samaki," alinitania. "Kula, anakula."

Sikuwa nimeiomba. Nilitaka kusoma tu. Kabla hajafa, mama alinisimulia mipaka ya shamba letu la Bugarama, nami nikaiandika neno kwa neno kwenye kompyuta na kuihifadhi kwenye flashi. Sasa kompyuta ilikuwa imeharibika, mji ulikuwa siku ya nne bila umeme, na kesho yake asubuhi bashingantahe, wazee waamuzi wa kilima, wangekuja kutusikiliza sisi na jirani tunayegombania naye mpaka. Kilichobaki na uhai ni kalkuleta yangu ya kuchorea grafu, ambayo mwalimu mwenzangu aliiwekea Linux, mfumo wa kompyuta, ili kuwashangaza wanafunzi.

Kalkuleta ya namna hiyo imezoea kuwa mgeni: huchomekwa kwenye kompyuta, ikatii. Nilitafuta ule waya ambao ncha yake huiambia kwamba leo wewe ndiye mwenyeji, wageni wanaingia kwako. Lakini mwenyeji huyu ni maskini, hana umeme wa kuwalisha wageni. Flashi iliwaka mara moja ikazima, na kalkuleta ikazima nayo. Nikaweka katikati kigawanyio chenye matundu manne, nikakilisha kwa pawabenki. Flashi ikawaka na kubaki inawaka.

"Weka na kibodi," kaka alisema.

"Ya nini? Vitufe vya kalkuleta vinatosha kufungua faili."

"Weka tu, dada. Matundu iko mingi."

Nikaichomeka kwa ncha za vidole. Maneno ya mama yakatokea, madogo kama punje za ulezi, kwenye kioo kisichozidi kiganja: *Shamba linaanzia njia ya juu, linaishia kwenye michikichi mitatu. Kutoka hapo hadi mtoni ni pa jirani. Baba yenu alimpa kabla hatujakimbia.*

Kaka alisoma mara mbili, midomo ikicheza. Tangu turudi kutoka Tanzania alikuwa akimwambia kila mtu kwamba mama alisema shamba linafika mtoni.

"Futa hiyo ya michikichi," alisema polepole. "Andika mtoni. Kibodi iko hapo."

Ndipo nikajua kwa nini aliibeba kutoka depo.

"Ni maneno ya mama."

"Mama alishakufa. Mimi niko na watoto sita. Huyo jirani alibaki hapa, akakula shamba yetu miaka yote tukiwa kambini. Unamuonea huruma yeye?"

Ningependa kuandika kwamba nilikataa papo hapo. Nilifuta ile michikichi, kisha nikabonyeza m, herufi ya kwanza ya mtoni. Kitufe kilikuwa na utelezi wa mawese ya zamani. Kilizama na hakikurudi. Herufi ikaendelea kujiandika yenyewe, mmmmmm, ikiyasukuma maneno ya mama nje ya kioo.

Niling'oa kibodi. Nikafunga faili bila kuhifadhi, nikaifungua upya. Michikichi mitatu ilikuwa mahali pake.

"Kesho nitawasomea kama ilivyo," nilisema.

"Basi utasoma peke yako."

Aliiweka kibodi kwapani akaondoka. Nilinawa mikono kwa sabuni mara tatu. Asubuhi niliwasomea bashingantahe kutoka kwenye kile kioo kidogo, kaka akiwa amekaa upande wa pili wa uwanja bila kunitazama. Nilipofika kwenye michikichi mitatu nilisogeza kidole kwenye mstari ili nisipotee, na kidole bado kilinuka.