Mlango Uliolemea Asubuhi

Papa, baba yetu, aliposema atauza nyumba na kamioneti yake na kuhamia Butembo kwa kaka yangu, nilimkatiza kabla hajamaliza. Mimi si mtu wa subira, hata wateja wangu wa cherehani wanajua. Nikamwuliza kama ameugua. Akasema hapana. Nikamwuliza kama kuna mtu amemtisha. Hapana. Mama alikuwa amekaa pembeni anamenya viazi kwenye beseni, na papa alikuwa anaangalia viganja vyake.

"Mulango inanishinda," akasema. "Mutu anashindwa kufungula mulango yake mwenyewe, anangoja nini tena?"

Mlango aliousema ni wa garaji. Majirani wetu wana mageti ya kawaida ya chuma, yale ya kusukuma, lakini papa alitaka mlango wa kupanda juu. Aliununua ukiwa umeshatumika, kutoka nyumba moja karibu na ziwa iliyokuwa inabomolewa. Ni mabati mapana yaliyounganishwa, yenye vigurudumu vidogo pembeni vinavyokimbia ndani ya reli mbili. Ukiuinua unapanda, unajikunja, unalala chini ya dari. Juu kuna resori mbili nene, springi zinazosaidia kubeba uzito. Ulipowekwa mara ya kwanza watu wa mtaa walikuja kuutazama, na papa aliufungua na kuufunga mpaka mama akamwambia inatosha.

Tangu hapo ulikuwa mlango wake. Kila alfajiri aliuinua, akatoa kamioneti, akaenda Kibumba kuchukua viazi na kabichi, akarudi mchana. Hakuna mwingine aliyeugusa asubuhi. Hakukuwa na amri. Ndivyo ilivyokuwa tu.

Kaka yangu ana moyo mzuri na sauti kubwa. Alikuwa ameshaandaa chumba, ameshapaka rangi, na kila alipopiga simu aliuliza wazee wanakuja lini. Papa ndiye aliyemjibu. Mama hakuulizwa, naye hakusema kitu. Nyumba hii waliijenga juu ya mawe ya volkano, na mengi ya mawe ya ukuta aliyabeba yeye, akiwa na mimba yangu. Siku hizi za vita, ukitoka hapa Goma kwenda upande ule wa Butembo hujui utarudi lini, au kama utarudi. Mama alilijua hilo kuliko mimi. Bado aliendelea kumenya viazi vyake, na mimi nilirudi kwangu nikiwa na hasira na watu wote wawili.

Siku chache baadaye nilipita mchana kuchukua mfuko wa vitambaa ninaouweka garajini. Papa alikuwa amelala. Sikutaka kumwamsha, nikashika mpini mwenyewe na kuvuta. Mlango ukapanda. Ulipanda kwa kununa, lakini ulipanda, na mimi kitu kizito kabisa ninachokiinua ni pasi ya makaa. Nilisimama pale na mfuko wangu nikijiuliza: mbona mimi nimeweza?

Kesho yake nikarudi alfajiri. Kulikuwa na ukungu, na baridi ile inayotufanya tuvae makoti juu ya vitenge. Papa hakufurahi kuniona, lakini akaniachia nafasi. Nikavuta. Mlango haukusogea hata kidogo.

"Umeona?" akasema. "Weye pia umezeeka."

Tukashika wote wawili, tukaufikisha kiunoni. Nikasukuma jiwe chini yake kwa mguu, kisha nikamwambia tuachilie polepole. Akasema utatuangukia. Nikamwambia jiwe liko. Tukaachilia, na mlango ukabaki palepale hewani, juu ya jiwe bila kuligusa, haukushuka hata kwa upana wa kidole.

Papa alikuwa amepanga kukaza resori. Dereva mwenzake alimwambia ndiyo dawa, na ufunguo wa kukazia alikuwa ameshauazima, umelala juu ya pipa. Nikauchukua na kuuweka nyuma yangu. Resori kama ile imejaa nguvu, ikimponyoka mtu inaondoka na mkono wake, na sikuwa tayari kumshona baba yangu. Tena nilikuwa nimeona kitu. Mzigo ukiuachia unaanguka. Huu haukuanguka.

"Papa, mlango huu haulemei," nikamwambia. "Umeshikwa."

"Ni kitu moja."

"Si kitu kimoja."

Tulibishana pale kama watu wa sokoni, yeye akisema analemewa yeye na si mimi, kwa hiyo yeye ndiye anayejua. Nikachoka kubishana. Nikapanda juu ya kreti, nikaingiza kidole ndani ya reli. Kilitoka na uji mzito, mweusi kwa mchanga wa volkano, na kwa chini wenye rangi ya machungwa. Nikaunusa. Ulinukia sombe, majani ya muhogo yanayopikwa kwa mawese.

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Katika kazi yangu nimeona mashine nyingi zilizoharibiwa hivyo. Mtu anakosa mafuta ya mashine, anatia mawese ya jikoni, jioni inashona vizuri, asubuhi gurudumu halizunguki. Baridi ya Goma inagandisha mawese. Kila mwanamke hapa anajua: asubuhi unasogeza chupa karibu na jiko la mbabula, makaa yaipashe kidogo, ndipo imwagike. Tunalijua kwa chakula. Nani angelifikiria kwa mlango? Jua likishapiga mabati, mafuta yanalegea na mtoto anaweza kuufungua. Lakini papa alikutana nao alfajiri tu, na akirudi mchana anaukuta wazi, kazi yake ni kuushusha.

"Nani anapaka mawese humu?" nikauliza kwa sauti.

Papa akanitazama kama nimemtukana. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, koti juu ya kitenge.

"Ni miye," akasema.

Akaendelea, akiongea na mimi, si na papa.

"Kila asubui nilikuwa namusikia anapumua mubaya. Nikasema akisha kutoka niipake mafuta, ili imusaidie, asijue kama nimemuona. Nikapaka. Ikalemea zaidi. Nikaongeza."

Nilitaka kumgombeza, lakini nikashuka kwenye kreti. Miezi yote ile, papa alikuwa anaficha kwamba anashindwa, na mama alikuwa anaficha kwamba anamwona akishindwa, na katikati yao mlango ulikuwa unazidi kuganda. Niliwahurumia mpaka nikaona aibu kuwa nimesimama pale.

Papa alikaa juu ya kreti niliyoshuka.

"Kumbe ulikuwa unaniona," akasema.

"Ku dirisha ya jikoni. Kila siku."

Papa akanyoosha mkono, akaniomba kitambaa.

Siku hiyo hakuenda Kibumba. Tulikwangua reli kwa kisu cha zamani, tukazifuta kwa vitambaa vilivyolowekwa petroli, vikatoka vyeusi, tukaloweka vingine. Nilitia tone la mafuta ya mashine kwenye kila kigurudumu na kuziacha reli zenyewe kavu, maana chochote kinachonata kingeuita mchanga tena. Mama alishika beseni. Papa alifuta reli moja peke yake, hakutaka nimsaidie.

Nililala kwao, kwa sababu nilitaka kuona. Alfajiri papa akasimama mbele ya mlango, akatanua miguu, akavuta kwa nguvu zote alizozoea kuutilia. Mlango uliruka juu na kugonga mwisho wa reli kwa kishindo. Yeye akabaki na mikono hewani, hana cha kuinua.

Mama akatoka jikoni mbio. Papa akaushusha mlango, akamwambia, "Kuya hapa. Sasa uniangalie." Akauinua tena, kwa mkono mmoja. Mama akamtazama yeye, si mlango, akasema ni vizuri, akarudi jikoni kuangalia chai. Nilikasirika. Nilitegemea afurahi zaidi. Papa hakukasirika, alimfuata kwa macho mpaka akaingia ndani.

Tulikuwa tunakunywa chai simu ya kaka ilipolia. Ilikuwa ni yale yale: wanakuja lini, amepata gari la kubeba vitu. Papa akamwambia mlango umepona. Kaka akacheka, akasema vizuri, atakayenunua nyumba atafurahi. Sauti yake ilijaa chumba kizima. Papa akamtazama mama upande wa pili wa meza.

"Ngoja nikupatie mama yako," akasema. "Jambo hii, sikumuulizaka."

Mama alifuta mikono kwenye kitenge ingawa ilikuwa mikavu, akaipokea simu kwa mikono miwili.

"Mutoto yangu, aksanti kwa chumba," akasema. "Miye siendi. Tangu mwanzo sikutakaka kwenda."